Norddeich: kutembea juu ya sakafu ya bahari, na ile chai yao

Jamani ukiwa Ujerumani panda treni mpaka Norddeich kule Ostfriesland, pwani ya kaskazini, ukatembee Wattenmeer, ile bahari yao ya kina kifupi, maji yakishapwa. Mi nimeenda mwezi wa saba na mpaka leo sina stori nyingine. Bahari inaondoka kweli, inabaki tope na mchanga mpaka macho yanachoka, kimyaa, ndege tu. Muongozaji wetu mzee mmoja mpole sana akachimba kwa uma wa bustani akatoa mnyoo mweusi mnene, akatuambia vile vichuguu kama tambi vilivyojaa kila mahali ndo mchanga aliokwisha kuumeza akautoa nyuma. Nilimshika, baridi na anateleza. Ndo hapo nikaelewa kwa nini UNESCO walipaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2009, tope zima linaishi!

Ila msiende peke yenu, nawaomba. Maji yakianza kujaa yanapita kwanza kwenye mifereji, kwahiyo unaweza kuwa mbele pakavu huku nyuma ushazibiwa njia. Na nilipokodi buti waliniambia za mpira zinatosha, si kweli, tope lilinyonya moja ikabaki hukohuko nikamalizia pekupeku, na tena pekupeku ndo raha zaidi ila angalia makombe yanakata.

Greetsiel ni karibu kwa gari, kuna vinu viwili vya upepo vimesimama pamoja, kimoja chekundu kimoja kijani, na bandari ya boti za kuvua kamba. Kamba wenyewe wadogo, wanachemshwa hukohuko baharini, kula na mkate, watamu. Mnara wa taa wa Pilsum wa njano na nyekundu ni mfupi, mita 11 tu, piga picha uendelee.

Chai sasa! Usiikose hata kama umechoka. Wanaweka bonge la sukari kwanza, chai ya moto ikimwagwa juu yake unasikia inapasuka krrk, halafu krimu inateremshwa taratibu pembeni kwa kijiko, inazama kisha inapanda kama wingu. HAIKOROGWI. Unaanza na krimu, unafika kwenye uchungu, unamalizia utamu chini. Mi nikakoroga, mama mwenye mkahawa akanishika mkono kwa upole akanimiminia kingine upya. Desturi ni vikombe vitatu, na watakuongezea tu mpaka uweke kijiko ndani ya kikombe, mi nilikuja kuambiwa hivyo nikiwa cha tano.

Matembezi tano kwa tano, chai tano kwa tano, buti moja.