Kura ya posta au kwenda kituoni Marekani, ipi afadhali?

Ubishi huu hauishi. Kwa muda posta inashinda, maana uchaguzi ni Jumanne na sio sikukuu ya taifa, sasa kama uko shifti foleni utapanga saa ngapi? Jimbo la Oregon tangu 2000 karatasi ya kura inakuja nyumbani, we unajaza mezani huku unagugo hata mgombea wa bodi ya shule. Ila sahihi unayoweka kwenye bahasha isipofanana na ya kwenye faili la usajili wako, kura wanaiweka pembeni mpaka urekebishe, na bahasha ikichelewa imekula kwako. Kituoni ukikosea unaomba karatasi nyingine palepale, yameisha. Texas nako bila sababu kama umri wa miaka 65 posta sahau, nenda kituoni kapige mapema, kabla ya siku yenyewe. Kama una watoto wadogo na jimbo linaruhusu, posta, ila mwenye sahihi ya kubadilika-badilika kama yangu aende mwenyewe tu.