Uzoefu Wangu wa Diani Msimu wa Kaskazi

Kila Desemba, Wanairobi wenye uwezo huteremka Diani, katika Kaunti ya Kwale, na baada ya kukaa huko na familia yangu naamini ufuo huu unastahili sifa zake zote. Hata hivyo, anayetaka kuufaidi hana budi kupanga siku yake kwa kufuata maji wala si ratiba ya hoteli.

Mwamba ulio mbele ya ufuo huvunja mawimbi makubwa, kwa hiyo maji yakijaa watoto huoga kwa raha. Yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hurudi nyuma sana hata mtu akaweza kutembea hadi kwenye vidimbwi na kukuta viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, vyekundu vimetulia mchangani. Vaa viatu, maana matumbawe yanakata. Kwa kuwa saa za maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, waulize wavuvi wa ngalawa mapema.

Safari si tatizo: treni ya Madaraka, iliyoanza mwaka 2017, hukushusha Miritini, Mombasa, na barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya feri ya Likoni.

Kilichoniudhi ni malazi. Hoteli yetu ilitutoza chakula cha jioni cha Krismasi kwa lazima, ada ambayo haikutajwa tulipolipia vyumba. Omba bei kamili kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi.

Uzuri ambao matangazo huupuuza uko juu ya barabara. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika madaraja ya kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, nami nilimwona mmoja akipita taratibu, kitoto cheupe pepepe kimemkumbatia tumboni. Nenda pia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Utafungwa kaniki, kitambaa cheusi, kiunoni na kuongozwa na wenyeji wanaoujua kila mti na dawa yake. Kwangu, matembezi hayo yalizidi starehe zote za hoteli.

Asiyebanwa na likizo za shule aende mwishoni mwa Januari, kaskazi ikiwa bado inavuma na bei za sikukuu zimekwisha.