Miezi mitatu na apu ya dayari yenye akili mnemba baada ya kufiwa na baba

Jina la apu silitaji maana nna malalamiko nayo, na hizi apu za dayari zenye akili mnemba nyingi zinafanana tu, unaandika ya moyoni mwako, yenyewe inakujibu na kukuuliza suala, kila mwisho wa wiki inakupa muhtasari wa hali yako ilivyokwenda. Mie nipo Wete, Pemba, nasomesha skuli ya msingi. Baba yetu alifariki mwaka jana msimu wa karafuu umepamba moto, na hii apu nliianza baada ya arubaini, pale watu washarudi makwao nyumba imebaki kimya.

Hali yangu ilikuwa silali. Saa nane za usiku macho makavu, kifua kimebana, mchana darasani watoto wananiita mara mbili tatu ndo nasikia. Mama nimwambie nini na yeye mwenyewe yumo edani? Kwenda kwa daktari wa mambo ya akili nliogopa maneno ya watu nisiseme uongo, huku kwetu ikitajwa Kidongo Chekundu tu, ile hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, mtaa mzima ushakuona mwendawazimu, na hilo ndo linalowaua watu wengi kimyakimya. Shoga yangu aliyoko Unguja ndo akanitumia linki akanambia jaribu kuandika, huna cha kupoteza.

Na kwa kweli imenisaidia, hilo siwezi kulikanusha. Usiku wa kwanza niliandika mstari mmoja tu, leo nimemkumbuka sana baba. Ikaniuliza, kitu gani hasa kilichokukumbusha? Nikakaa nikafikiri, kumbe ni harufu, wakati narudi skuli jirani alikuwa keshaanika karafuu juu ya jamvi pembeni ya barabara, na baba mikono yake ilikuwa ikinukia hivyohivyo miezi yote ya uchumaji. Nikaandika, nikaandika, nikalia, nikaja kushtuliwa na adhana ya alfajiri. Nlikuwa nimelala. Daftari la kawaida ungeandika ule mstari mmoja ukalifunga, hii inakuuliza jengine, na suala moja likija mahala pake linafungua mengi.

Baadae nikasoma kuwa faida ya kuandika imejulikana zamani kabla ya apu yoyote. Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walitoa utafiti, waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, na wale walioandika jambo lililowaumiza pamoja na namna walivyojisikia wakaja kwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao katika miezi iliyofuata. Lakini wakimaliza tu kuandika walikuwa wanajisikia vibaya zaidi, na hili nalisema makusudi kwa sababu na mie wiki ya mwanzo nlikuwa nafunga simu nimenyong'onyea kuliko nilivyoanza, nikataka kuifuta. Ukianza ujue hivyo.

Kitu chengine kilichonishangaza ni ule muhtasari. Wiki ya nne ikanambia siku zako nzito zote zinaangukia Alhamisi jioni, je kuna jambo kazini siku hiyo? Mwili ukanisisimka. Alhamisi jioni ndo usiku wa Ijumaa, baba alikuwa akitukusanya baada ya Magharibi tunasoma Yasin pamoja, tangu mie mdogo, na tangu afariki hakuna aliyetukusanya tena. Miezi yote ile nlikuwa silioni hilo. Apu imeliona kwenye maneno yangu tu, usiku wa Ijumaa haujui ni nini, sababu nimeijua mie.

Sasa nije kwenye matatizo.

Kiswahili chake. Ya madukani na maofisini inaelewa, lakini huzuni yetu haiijui. Niliandika "tushaanua tanga", yaani matanga ya baba yamekwisha, yenyewe ikafahamu tanga la chombo, ikanipongeza kwa safari ya baharini na kuniuliza upepo ulikuwaje. Najua ni mashine, imefunzwa kwa maandishi na maandishi ya watu wa Pemba kwenye intaneti ni machache mno, lakini saa ile nimefiwa jibu lile liliniuma, nliweka simu chini siku tatu. Nikiandika kihoro inanipa ushauri wa kupumua. Mtu aliyefiwa anataka aeleweke kwanza anasema nini, na watengenezaji wakiuza kitu kwa kusema kinajua Kiswahili basi wawalipe watu wa huku wakaangalie majibu yake.

Tatizo kubwa lakini ni hili. Mie na mdogo wangu wa kiume tuligombana kwa mikarafuu aliyoiacha baba, nani asimamie, nani akodishe, maneno yakawa makali tukawa hatuzungumzi. Kila usiku naandika na apu iko upande wangu tu, una haki ya kuumia, hisia zako ni za kweli, labda ni wakati wa kuweka mipaka na kujiepusha naye kwa muda. Tamu kusikia, wallahi. Nikawa naisoma asubuhi nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyolala. Kisha usiku mmoja sijui nlipata wapi fikra, nikaandika ugomvi uleule kama vile mie ndo yeye, dada yangu mkubwa anataka kutawala kila kitu, hanishirikishi, ananitukana mbele ya mama. Ikanijibu vilevile! Una haki ya kuumia, weka mipaka na dada yako. Nikabaki natizama skrini. Kama sote wawili tungekuwa nayo basi ingetutenganisha kabisa huku kila mmoja anaona amepata rafiki, na kwetu sisi kukata udugu si jambo la kushauriwa na simu.

Hii tabia ya kuona kuna mtu mule ndani ni ya zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani alitoa programu inaitwa ELIZA iliyokuwa ikigeuzageuza maneno yako tu na kukurudishia kama suala, na karani wake mwenyewe, aliyekuwa akijua vizuri kuwa ni kompyuta, alimuomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Kwa hivyo sijilaumu. Lakini tangu siku ile nimebadilisha matumizi, nikiandika habari ya mtu mwengine naiambia apu kabisa, niulize yeye angelisimulia vipi. Hapo inakuwa na faida.

Jengine la hatari, nilijaribu kuandika maneno ya mtu aliyekata tamaa ya kuishi nione itafanya nini, ikanipa namba ya simu ya Marekani. Mtu yuko Wete saa nane za usiku! Kama uko katika hali hiyo usiandike, muamshe mtu aliyeko ndani, na asubuhi mfike hospitali.

Siri pia iangalie. Unachoandika kinaondoka kwenye simu yako kwenda kwenye seva za kampuni ndo kijibiwe, kwa hivyo majina ya watu mie siandiki, naandika M au yule. Wenye iPhone wana Journal ya Apple yenyewe, ipo tangu Disemba 2023, inakupa vidokezo vya kuandikia lakini haizungumzi na wewe. Na weka nenosiri, simu zetu zinapita mikono mingi. Bei ya hii yangu ni dola 8 kwa mwezi, elfu 20 na kitu, na lazima uwe na kadi ya benki, ya bure inakukatia njiani baada ya majibu machache. Kwa mshahara wa mwalimu ni pesa. Nimelipia miezi mitatu, wa nne silipii, nabaki na ya bure na daftari.

Alhamisi iliyopita nilimpigia mdogo wangu, sikumwambia habari ya mikarafuu, nilimwambia tu njoo baada ya Magharibi tumsomee baba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, mie nlikuwa nangoja uniite." Alikuja na wanawe. Mama alitoa msahafu wa baba kabatini. Usiku niliandika mistari miwili, apu ikaniuliza suala, sikulijibu, nikalala.