Miche ya epo Lushoto: mche poa, maelezo ziro

Nawapa nyota tatu na zote ni za mche wenyewe. Kitalu siwataji, ila miche yao ya kubebeshwa ni mizuri kweli, pale ilipoungwa pamefunga vizuri, mizizi imejaa kwenye kiriba, hakuna hata mmoja uliokufa. Bei ya kawaida, hapo sina neno.

Shida ni maelezo. Nilichukua epo aina ya Anna tupu kwa sababu ndo haidai baridi kali, na jamaa akanihakikishia inajitosheleza. Sasa maua yakajaa mti mzima, nyuki kibao, halafu yakapukutika nikabaki na vitunda vya kuhesabu, nikimpigia anasema weka mbolea, mara piga busta. Kaka, mbolea inahusikaje hapo!

Epo inajikataa yenyewe. Kwenye ile shingo katikati ya ua kuna kimeng'enya kinaitwa S-RNase, kazi yake kukatakata RNA, ile inayobeba maagizo ya kutengeneza proteini. Chavua ikitua juu inaotesha kimrija kushuka kuyafuata mayai na kimeng'enya kinaingia humo humo ndani ya mrija. Chavua ngeni inazo proteini za kukitambua na kukipeleka kikavunjwe, inapita. Ila yenye alama ya S (alama ya kurithi, kila aina ya epo inazo zake mbili) sawa na ya mti haina ya kukidhibiti hicho cha kwao, RNA inakatwa, mrija unaishia njiani, mbegu hamna, ua linadondoka. Na kumbuka miche ya kubebeshwa ya Anna yote kiurithi ni mti mmoja tu, ujaze hata heka nzima bado ni kujichavusha. Anna hujikaza kidogo peke yake, lakini usitegemee kuuza hicho kidogo.

Wenzetu wanazijua hizi alama kabisa, Golden Delicious ni S2 na S3, Fuji S1 na S9, hizo zinaelewana bila shida, Gala ni S2 na S5 kwa hiyo ikikutana na Golden Delicious nusu ya chavua inagoma.

Mwenza wa Anna mara nyingi ni epo aina ya Dorsett Golden, zinachanua karibu pamoja. Kinachoniuma, Dorsett WANAYO, ipo nyuma ya Anna pale pale, yaani angefungua mdomo tu angeuza mara mbili.

Ukienda beba zote mbili na uandike jina kwenye kila kiriba mwenyewe, wao wanatofautisha kwa vitambaa vya rangi na vingine vimeshapauka.