Cheti cha maadili mema kwa masoja: huduma safi, fomu ndiyo mtihani

Soja, yaani mlinzi wa kampuni binafsi, anayetaka kusajiliwa na PSRA (mamlaka ya Kenya inayosimamia ulinzi binafsi) chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016 huanzia hapa. Kuomba ni kazi ya dakika chache: ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chagua huduma za DCI (idara ya upelelezi wa jinai), lipa shilingi 1,050, chapisha ankara na fomu ya C24, ya alama za vidole. Hapo ndipo wengi huteleza. C24 huchapishwa mbele na nyuma ya karatasi moja; saiba ikikutolea mbili, utarudishwa.

Beba kitambulisho halisi na nakala hadi makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu. Kidole huviringishwa kutoka ukingo hadi ukingo wa ukucha. Kikiwa na jasho, wino husambaa, mistari haisomeki, unaanza upya. Kifute kwanza, na mkono uulegeze, mwache afisa auongoze. Nyota nne. Ya tano imemezwa na foleni.