Mafao matatu ya California, na nyota ninazoyapa

Waswahili wenzangu wa California, angalieni slipu ya mshahara, kuna mstari umeandikwa CASDI. Hiyo ni hela yenu inakatwa kuchangia bima ya ulemavu ya jimbo na likizo ya familia yenye malipo, mwaka 2025 ilikuwa asilimia 1.2 ya mshahara wote. Mimi nahudumia wazee hapa San Diego, na kazini nimekutana na watu wanaokatwa miaka nenda miaka rudi bila kudai hata senti, wakihofia wataonekana ombaomba wa serikali. Ombaomba gani huyo anayejichangia mwenyewe?

Naanza na bima ya ulemavu. Msitishwe na jina. Inamhusu mtu yeyote aliyeshindwa kufanya kazi yake kwa sababu ya afya: mguu umevunjika, umefanyiwa upasuaji, au una mimba. Aliyeumia kazini kwa kawaida huyo mlango wake ni fidia ya wafanyakazi. Mimi nilijifungua kwa upasuaji. Kwa kawaida mjamzito hulipwa wiki 4 kabla ya tarehe aliyopewa, kisha wiki 6 baada ya kujifungua, au 8 akipasuliwa. Zikiisha unaunganisha na likizo ya familia, wiki 8 nyingine za kukaa na mtoto. Tangu Januari 2025 malipo ni asilimia 70 hadi 90 ya mshahara, na sisi wa kipato kidogo ndio wa 90. Hapo sina neno. Nyota tano.

Dai unaliweka mtandaoni kupitia myEDD, tovuti ya EDD, idara ya ajira ya jimbo inayolipa mafao haya. Sehemu yako haina shida, kinachokwamisha ni sehemu ya daktari. Kliniki yetu iliikalia fomu yangu mpaka nikawa nawaamsha mapokezi kwa simu kila asubuhi. Ukishatuma tu unapewa namba ya risiti. Mpe daktari siku hiyohiyo, usingoje aulize. Na chunga tarehe: dai la ulemavu halipokelewi mpaka zipite siku 9 tangu ulipoacha kazi kwa ugonjwa, na usivuke siku 49. Siku 7 za mwanzo hazilipwi. Likizo ya familia haina siku za kungoja, ila ukomo wa kudai ni siku 41 tangu likizo ianze.

Na jamani, hili wengi hawalijui: ulemavu na likizo ya familia havitaki uraia wala hati za uhamiaji. Kinachodai kibali cha kufanya kazi ni mafao ya kukosa ajira.

Mume wangu naye alichukua wiki zake 8 za likizo ya familia, akazigawa vipandevipande. Shemeji zangu Tanga walicheka sana kwenye simu, ati mwanamume yuko likizo ya uzazi. Waacheni wacheke, California inalipa likizo hii tangu 2004, ikiwa jimbo la kwanza Marekani, na inamlipa pia anayemuuguza mzazi au mwenza aliye mgonjwa sana. Likizo hii naipa nyota nne na nusu, nimepunguza nusu kwa sababu moja: malipo hayalindi kazi yako. Ulinzi unatoka kwenye sheria nyingine, CFRA, sheria ya California ya haki za likizo ya familia, inayotaka mwajiri awe na wafanyakazi 5 au zaidi, na wewe uwe umemfanyia kazi mwaka mzima, na saa 1,250 ndani ya miezi 12 iliyopita. Uliza kabla hujaondoka.

Sasa kukosa ajira. Hoteli aliyokuwa akifanya mume wangu ilipunguza watu, naye akawemo. Huu mfuko wanachangia waajiri, wewe hukatwi. Unalipwa dola 40 hadi 450 kwa wiki, kwa kawaida mpaka wiki 26, na ya kwanza ni ya kungoja. Hiyo 450 imesimama palepale tangu 2005! Wiki nne ni dola 1,800, na mwenye nyumba wa San Diego anataka zaidi ya hapo hata kabla hujanunua unga. Kila wiki mbili unajaza uthibitisho kwamba unatafuta kazi na uko tayari kuianza. Ukipata kibarua cha siku moja, kitaje na ulichopata, maana wakikuta umeficha utarudisha hela na faini juu. Nyota mbili, na hizo ni kwa sababu bila hiyo pesa tungekuwa tunalala kwa rafiki.

Ukikataliwa, usikunje barua. Rufaa ni bure, una siku 30 tangu tarehe iliyoandikwa juu yake, na mkalimani unaweza kumwomba bila kulipa kitu.