YouVersion kwa ibada ya asubuhi: tathmini kwa msomaji wa Kiswahili Uganda

Anayesali kwa Kiswahili nchini Uganda, awe Busia mpakani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale au kwenye makazi ya askari, mara nyingi huzungukwa na makanisa yanayosoma Kiluganda, Kinyankole au Kiingereza. Programu ya simu ya YouVersion inampa Biblia ya lugha yake mfukoni, bure na bila matangazo. Ilitolewa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani, na ina tafsiri kadhaa za Kiswahili, ikiwemo Union Version ya 1952 ambayo wengi wamekariri mistari yake tangu Shule ya Jumapili. Kama Biblia ya simu, tunaipa alama za juu. Kama mwalimu wa sala, usiiachie usukani.

Kuiandaa kuna utaratibu wake. Fungua akaunti kwanza, kisha weka lugha ya programu iwe Kiswahili kwenye mipangilio. Nenda ukurasa wa kusoma, bonyeza jina la tafsiri lililo juu, chagua unayotaka na utafute alama ya kupakua. Si kila tafsiri inaruhusu kupakuliwa. Wenye haki zake ndio huamua. Fanya hayo ukiwa na Wi-Fi, maana tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12. Ukimaliza, weka simu kwenye hali ya ndege na ufungue Zaburi 119. Ukifika mstari wa 176 bila kukwama, Biblia imo ndani ya simu. Jaribio hilo si la bure: Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, na aliyekuwa hajapakua chochote alibaki bila Neno siku ambazo watu walilihitaji hasa.

Sasa tuje kwenye udhaifu mkubwa, nao ni mstari wa siku. Simu inalia, unasoma sentensi moja kwenye picha ya machweo, unaiweka kwenye status ya WhatsApp, umemaliza ibada kabla chai haijachemka. Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa kuliko karibu yote: Mungu anawawazia watu wake mawazo ya amani, awape tumaini. Ukiusoma peke yake, unadhani mambo yatanyooka wiki ijayo. Fungua sura nzima. Ni barua kutoka Yerusalemu kwa watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli. Mstari wa 10 unasema miaka sabini. Katika sura ya 28, nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu wa Yerusalemu kwamba ni miaka miwili tu, na Yeremia akamwambia wazi kwamba anawatumainisha watu uongo. Kisha rudi mstari wa 5 hadi wa 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mliopelekwa, kwa kuwa amani yake ndiyo yenu. Kwa familia ya Kikongo inayolima kiwanja cha mita chache Nakivale, maneno hayo yana kazi ya kufanya leo, si ya kusubiri tu. Tumaini lenyewe halijapungua, limepata miguu. Kadi ya mstari mmoja haiwezi kukuonyesha hayo, kwa hiyo zima arifa zake, au uifanye mlango tu wa kuingilia sura.

Dakika 20 zinatosha. Mbili za kutulia, data ikiwa imezimwa. Sita za kusoma sura moja mara mbili, mara ya pili kwa sauti, maana macho huruka maneno ambayo mdomo hauruki. Tano za kuandika kwenye daftari, si kwenye simu: andiko linasema nini juu ya Mungu, linaagiza nini, na neno gani limekugusa. Tano za kuomba kwa kutumia maneno ya sura hiyohiyo, hata kama ni ya malalamiko. Maombolezo 3 ina mistari ishirini ya uchungu kabla ya kufika kwenye rehema zilizo mpya kila asubuhi. Mbili za mwisho ni za kuandika tendo moja la siku hiyo, dogo, lenye jina la mtu au saa. Ukiandika "nitakuwa na upendo zaidi", jioni hutakuwa na cha kupima.

Mipango ya kusoma ni mingi, na ile mifupi ya siku saba inafaa kwa anayeanza. Ule wa mwaka mzima ndio unaoangusha watu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani tatu na kitu kwa siku. Ukienda tatu tatu toka Mwanzo, Januari 30 umemaliza Kutoka, na kesho yake unaingia Mambo ya Walawi. Hapo ndipo wengi huacha, wakifika kwenye sadaka na ukoma bila mtu wa kuwaeleza. Ukichelewa, programu ina njia ya kusogeza tarehe mbele. Itumie, usijaribu kulipa deni la sura thelathini Jumamosi moja. Au anza kwa hesabu nyepesi: Zaburi tano kwa siku humaliza zote 150 kwa siku 30, na Mithali ina sura 31, moja kwa kila tarehe.

Kile kihesabio cha siku mfululizo tungekiondoa kabisa. Kinajua umefungua programu, hakijui kama umesoma.

Kuhusu uongozi wa maamuzi, kama kuhama, kuoa au kukopa, usifungue ukurasa wowote na kuufanya jibu. Andika swali, soma kitabu kizima kwa wiki kadhaa, kisha upeleke ulichoona kwa mchungaji au kwenye fellowship. Walokole wa Afrika Mashariki walilijua hilo tangu miaka ya 1930: neno ulilolipata peke yako hupimwa mbele ya ndugu.

Mkatoliki aangalie jambo moja zaidi. Tobiti, Yoshua bin Sira, Hekima na Wamakabayo husomwa kwenye Misa za siku za juma katika miaka ya witiri, kama 2025 na 2027, lakini Union Version haina vitabu hivyo. Atafute toleo la Biblia ya Habari Njema lenye vitabu hivyo, viitwavyo vya deuterokanoni, na kama halipo kwenye simu, aulize la karatasi kwa Chama cha Biblia cha Uganda jijini Kampala. Karatasi zake ni nyembamba. Pigia mistari kwa penseli, wino wa biro hupenya hadi upande wa pili.